Nyumba ya Eustaki Ng'ambo ya Kijito

Lori lilipopunguza mwendo nilidhani tumefika Laela, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Huseni, mwenye lori, akaniambia nitulie. Laela bado; hapa anamshushia mama mmoja mzigo wake, kisha tunaendelea. Tulikuwa tumetoka Kipili na shehena ya dagaa wakavu, tukalala Sumbawanga kwa nduguze wenye maduka, na alfajiri tukashika barabara ya Tunduma. Mimi nilikuwa nakwenda Zambia. Sikuwa na shughuli kubwa huko, ila nilikwisha kujijua: nikikaa mahali mpaka wenyeji wakaanza kuniita kwa jina, nyayo huanza kuniwasha.

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka sabini na sita. Wakati huo upepo wa Ufipa hauna adabu. Uwanda wote ni majani yaliyokauka, mti mmoja hapa na mwingine kule mbali, na upepo hauna cha kuuzuia tangu bonde la Rukwa mpaka kwenye kola ya shati lako. Kijiji kilichokuwa mbele yetu kilikuwa kipya. Nyumba zilipangwa mistari miwili kandokando ya barabara, zote zimeelekea upande mmoja, kila moja na choo chake nyuma kwa umbali uleule. Kibao kilisema UMOJA. Nilikwisha kupita vijiji vya namna hiyo Dodoma, Tabora na Kigoma, na kusema kweli nilikuwa nimeacha kuvitazama.

Hiki nilikisikia kabla sijakitazama. Nyuma ya nyumba ya mwisho kulikuwa na mlio, kama kwamba watu wengi wanaosha vyombo vya harusi bila kusemezana. Nikateremka. Pale nyuma palikuwa na shamba la nguzo. Ilikuwa miti myembamba mirefu kuliko mtu, kila mmoja umesimikwa juu ya tuta la duara, yale matuta ya Wafipa ambayo majani hufukiwa ndani yake yaoze yawe mbolea. Kwenye kila nguzo palitundikwa vitu vilivyokwisha kazi: majembe yaliyolika yakabaki mapana kama kiganja, bakuli za bati zilizotoboka, mfuniko wa debe, rimu ya baiskeli, shingo ya chungu. Katikati ya nguzo hizo palipita mstari wa makopo yaliyopondwa yakawa bapa, umejipinda mara mbili tatu, unametameta juani. Nguzo zenyewe hazikufuata mpango wowote niliouona. Mbili zilikaribiana mpaka vyombo vyake vikagongana, nyingine ikakaa peke yake mbali, kama imenuniwa.

Mama aliyekuja kuupokea mzigo alikuwa wa makamo, mwembamba, amejifunga blanketi begani.

"Shikamoo mama," Huseni akasema.

"Marahaba. Umeniletea uchafu gani leo?"

"Uchafu safi. Mjini wananiuliza kama nimeoa jalalani."

Alifungua gunia palepale barabarani. Lilikuwa na springi zilizovunjika, taa ya mbele ya gari isiyo na kioo, makopo ya mafuta ya kupikia, na kifuniko kimoja cha gurudumu kinachong'aa kama sahani mpya. Hicho kifuniko alikigeuzageuza akamrudishia Huseni. Kizuri mno, alisema, kule hakuna aliyekuwa nacho.

Nikamwuliza kule ni wapi. Alinitazama viatu kwanza, halafu uso.

"Kalumbi," akasema. "Hii yote unayoiona ni Kalumbi."

Huseni alipiga honi. Nikamwambia aende, nitamsubiri atakaporudi kutoka Tunduma. Alicheka, kwa sababu tangu Kipili nilikuwa namhimiza aongeze mwendo.

Yule mama aliitwa Bertilla, lakini pale kijijini walimwita Mama Wilibrodi, kwa jina la mwanawe ambaye watu wengi wa Umoja walikuwa hawajapata kumwona. Alizaliwa Kalumbi, akaolewa Kalumbi, mlango wa nne kutoka kwa mama yake. Palikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka barabarani, karibu na ukingo ambapo uwanda unakatika na kushuka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Kulikuwa na kijito, kanisa dogo la udongo lililopigiwa kengele ya chuma cha reli, na nje kidogo ya kijiji lilisimama tanuru la zamani la kuyeyushia chuma, refu kuliko nyumba, limeota nyasi juu. Mumewe Leonardi alilima ulezi na mahindi, akafa kwa homa ya kifua. Wilibrodi, mtoto wao wa pekee, aliondoka mwaka uliofuata Uhuru. Alitembea mpaka mpakani, akaenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba. Miaka ya mwanzo aliwatuma wasafiri walete blanketi, salamu, maneno kwamba yuko Kitwe na mgongo ni mzima. Halafu wasafiri wakaacha kuleta neno.

Mwaka wa sabini na nne, baada ya mavuno, ukaja uhamisho. Magari yalifika mpaka yalipoweza, na watu wa Kalumbi wakaambiwa wachukue wanachoweza kubeba. Paa zikaezuliwa ili mtu asirudi. Bertilla hakunisimulia hayo kwa uchungu. Aliyasimulia kwa haraka, kama mtu anayetaka kufika kwenye jambo lake. Maji ya bomba yalikuwa karibu, alisema, na shule watoto wanaiona kwa macho wakiwa mlangoni. Hilo hakulipinga. Jambo lake lilikuwa lingine.

"Wilibrodi hajui," aliniambia. "Atakuja siku moja, atapita njia ya zamani, atakuta majani. Au atapanda gari apite hapa. Hapa ataona nini? Mistari. Kila mahali mistari. Atapita na gari lake mpaka Sumbawanga, na mimi nimekaa mlangoni namtazama anavyopita."

Nilisema kwamba kuna kibao barabarani. Akaniuliza Umoja ni nani kwa Wilibrodi.

Kwa hiyo alikuwa ameijenga Kalumbi mahali ambapo mtu anayepita kwa gari angeiona. Kila alipokwenda kule kutafuta kuni alipita kwenye magofu akichokoachokoa kwa jembe, na kilichogongana na jembe alirudi nacho. Kila nguzo ilikuwa nyumba, na ilikaa mahali pake: umbali kati ya mlango na mlango aliupima kwa kukumbuka sauti, nani aliweza kumwita nani bila kupaza. Makopo yaliyopondwa yalikuwa kijito. Kipande cha springi ya lori kilikuwa kengele ya kanisa, maana ile ya kweli ilichukuliwa na parokia. Tanuru alilisimamisha kwa mirija ya udongo iliyoungua, ile iliyotumiwa na babu zao kupitishia hewa kwenye moto. Na nguzo yake mwenyewe ilibeba jembe, chekeche ya ulezi, na koroboi moja ndogo ya kopo la maziwa, iliyopinda upande. Hiyo koroboi aliitengeneza Wilibrodi alipokuwa mdogo, ikavuja tangu siku ya kwanza, na yeye hakuitupa.

Watu walimcheka. Walisema mjane anafuga takataka. Kisha mmoja akaleta sufuria lisilo na kitako, akasema kwetu mmesahau hiki, na baada ya hapo wengine wakafuata. Jioni niliwaona wakirudi shambani, wanapita kati ya nguzo na majembe begani. Mtu anasimama kidogo kwenye nguzo yake, anasogeza kopo lililojikunja, anakwenda zake. Hawakuwa wanafanya ibada yoyote. Ilikuwa kama mtu anayepita nyumbani kuangalia kama mlango umefungwa.

Aliyepita zaidi ya wote alikuwa mzee Eustaki, jirani wa zamani, rafiki wa marehemu Leonardi. Rimu ya baiskeli ilikuwa yake, kwa kuwa baiskeli ya kwanza ya Kalumbi ilikuwa yake. Kazi yake jioni ilikuwa kumchokoza Bertilla.

"Shemeji amenitundika ningali mzima," aliniambia mbele yake. "Na amenitundika mahali pabaya. Mimi nilizaliwa ng'ambo ya kijito. Kule kuna upepo mzuri. Yeye ameniweka hapa nyuma ya jiko lake, nivute moshi."

"Ulihama mwenyewe," Bertilla akamjibu.

"Nilihamishwa na mvua. Maji yalikula ukingo, mwaka mmoja tu baada ya Wilibrodi kwenda. Nilikuja kwenu na mke na godoro kichwani."

"Basi tulipovunjiwa ulikuwa upande wetu. Nakuweka ulipokuwa."

Eustaki akasema akifa atadai kiwanja chake. Bertilla akamwambia afe kwanza.

Huseni hakurudi siku aliyosema. Lori lilikuwa linangoja mafuta Tunduma. Nilikuwa nalala kwa Eustaki, natembea huku na huko kwenye barabara, napima kijiji kwa miguu mpaka watoto wakanizoea na kuanza kunifuata. Nilitaka kuondoka kila asubuhi. Bertilla aliposikia kwamba nimewahi kuishi Ndola na kwamba Kibemba nakijua, akawa ananiita wakati anatwanga. Aliniuliza watu wa migodini wanakaa nyumba za namna gani. Nikamwambia: za mistari. Akaacha mchi juu.

"Huko pia?"

"Huko zaidi. Zina namba."

Aliendelea kutwanga. Kisha akataka nimfundishe maneno ya kuulizia mtu. Nikamfundisha: ndefwaya umwana wandi, namtafuta mwanangu. Aliyarudia mara moja tu, akasema hicho ni Kifipa kilichopotea njia, hahitaji mwalimu.

Mwenyekiti wa kijiji, Polikarp, mara ya kwanza niliyokutana naye alikuwa amekuja kumwambia Bertilla kwa heshima aziondoe zile nguzo. Wageni wa Chama wangepita kuelekea Sabasaba, na Umoja ilikuwa inashindania usafi. Hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Kalumbi, na mfuniko wa debe ulikuwa wa mama yake. Lakini alikuwa amechoka kuulizwa na wakubwa kwa nini nyuma ya nyumba ya mwisho pana jalala lililosimama wima. Bertilla alimsikiliza, akamkaribisha togwa, akasema zitaondoka Wilibrodi akifika.

Wageni wakaja. Alikuwemo Afisa Utamaduni wa mkoa, kijana wa pwani aliyevaa makoti mawili, anatafuta ngoma na vikapu vya kupeleka kwenye maonyesho. Alizunguka zile nguzo, akagonga springi kwa kalamu, akasikiliza. Akasema kwamba hii ndiyo kujitegemea, kitu kimetengenezwa bila kuagizwa chochote nje, na kwamba mkoa mzima lazima ukione Sabasaba. Nilimtazama Polikarp uso unavyobadilika. Katika muda wa kunywa kikombe cha chai, jalala likawa fahari ya kijiji.

Bertilla alikataa. Alikataa siku ile na siku iliyofuata. Nguzo zikiondoka barabarani, alisema, basi ndiyo siku atakayopita. Polikarp akarudi bila wageni, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akazungumza naye kama mtoto wa jirani. Hapa, alimwambia, lori linapita moja moja. Mjini siku ya Sabasaba mkoa wote umejaa pale, Mollo, Ilemba, Namanyere, hata watu wa Tunduma, na sasa kuna treni mpya inayoshusha watu wa Zambia hapo Tunduma. Mtu anayerudi kutoka migodini atakosa kwenda kutazama Sabasaba?

Hilo ndilo lililomshinda. Akakubali, kwa sharti moja: zisimamishwe vilevile zilivyosimama. Vijana wa kijiji waliopewa kazi aliwatembeza kutoka nguzo hadi nguzo, akiwaonyesha nani anaitana na nani. Waliitikia vizuri, wakamwita mama, wakapakia Kalumbi yote kwenye tela la trekta pamoja na magunia ya makopo. Nyuma ya nyumba yakabaki matuta yenye mashimo. Jioni ile kulikuwa kimya mpaka mzee Eustaki akalalamika kwamba hawezi kulala bila kelele.

Huseni alifika tarehe saba Julai asubuhi, akiwa na haraka. Angepakua Sumbawanga, apakie upya, na alasiri ileile arudi Tunduma. Kwangu ilikuwa sawa kabisa. Nilitaka kuuona uwanja wa maonyesho kwa saa moja mbili, kisha nipande lori moja kwa moja mpaka mpakani. Nilimwachia mkoba wangu chini ya kiti. Bertilla na Eustaki walikaa mbele pamoja nasi, tumebanana, yeye akitazama kila mtu aliyetembea kando ya barabara.

Maonyesho yalikuwa yamefunguliwa siku moja kabla. Uwanja ulijaa vibanda vya makuti na vitambaa vya kijani, mahindi makubwa, ng'ombe waliooshwa, kwaya za shule. Tulipoikuta Kalumbi, Eustaki ndiye aliyeguna kwanza.

Vijana walikuwa wameisimamisha kwa mistari. Hawakufanya kwa ubaya, na nilipoongea nao baadaye nikaona kwamba hata hawakujua wamefanya nini. Waliambiwa wapange nyumba, na nyumba wamejifunza kuzipanga kwa kamba, kumikumi, ya balozi wa hizo kumi mwanzoni. Kijito walikuwa wamekinyoosha kikawa barabara, nguzo huku na nguzo huku zimekitazama. Mbele kulikuwa na kibao: KIJIJI CHA UMOJA, SANAA YA KUJITEGEMEA. Watu walikuwa wanasimama, wanatikisa vichwa kwa kupendezwa, wanapita.

Bertilla aliingia katikati ya nguzo akitembea polepole, anagusa kila moja, na mimi nikamfuata kwa sababu niliogopa ataanguka.

Kwenye kona ya mbali akasimama.

Kona ile ilikuwa imeharibika, kwa jicho la vijana. Nguzo chache zilikuwa zimeng'olewa kwenye mstari na kusimikwa upya, kwa mkono wa mtu mmoja, udongo umeshindiliwa kwa kisigino. Makopo ya kijito mahali pale yalisukumwa kwa mguu yakapinda. Nguzo ya Bertilla ilikuwa kwenye mpindo huo, ya mama yake Polikarp kushoto kwake, karibu kiasi cha kuitana bila kupaza sauti. Na rimu ya baiskeli ilisimama peke yake, upande wa pili wa makopo.

"Nani ameniweka huku?" Eustaki aliuliza. Alifikiri ni mzaha wa mtu, akaanza kucheka, kisha akauona uso wa Bertilla akaacha.

Yeye alikuwa amepiga magoti karibu na ile rimu. Aliuweka mkono kwenye udongo ulioshindiliwa.

"Kijiji kizima kinajua unakaa kwangu," alisema. "Hata watoto waliozaliwa baadaye wanajua hivyo. Nani amekuweka ng'ambo?"

Eustaki alivua kofia. Watu wa Kalumbi wote walimjua Eustaki upande wa huku. Anayemjua upande wa kule tu aliondoka kabla mvua haijala ukingo.

"Mimi nilijenga Kalumbi niliyovunjiwa," Bertilla akasema. "Yeye hakuwa na hiyo. Yeye alikuwa na ya kwake, na hiyo nimemficha mwenyewe."

Mgambo aliyelinda sehemu ile tulimkuta kivulini. Ndiyo, alikumbuka. Jana, vijana walipokwenda kula, alikuja mtu mzima, mwenye viatu vizito vya chuma mbele, anaongea Kiswahili kinachopanda na kushuka kama cha watu wa Zambia. Alisimama muda mrefu mbele ya ile koroboi iliyopinda. Halafu akaanza kung'oa nguzo na kuzihamisha, mgambo akaenda kumkemea, kwamba hii ni mali ya Chama. Yule mtu akauliza watu wa Kalumbi wako wapi.

"Ukamwambiaje?" nilimwuliza mimi, maana Bertilla alikuwa amenishika mkono, ananisukuma mbele.

"Nilimwambia Kalumbi haipo tena. Nikamdai kadi yake ya Chama. Mtu asiyeeleweka kijiji chake, siku hizi tumeambiwa tumwulize. Hakuwa nayo. Alikuwa na karatasi za huko kwao."

"Hukumwambia wako Umoja?"

"Nilikuwa namdai kadi," mgambo alisema, na sasa alikuwa anatutazama mmoja mmoja kwa wasiwasi. "Nilidhani ameona kibao."

Wilibrodi hakupata kusoma shule.

Alikwenda wapi? Mgambo alimwona jioni kwenye stendi, kwenye magari ya Tunduma. Hakuwa na mzigo ila kijisanduku.

Kwa hiyo alikuwa amepita Umoja mara mbili. Alipita akija, juma lile lile ambalo nyuma ya nyumba ya mwisho kulikuwa na mashimo matupu, na jana usiku akapita akirudi, mama yake akiwa amelala hatua chache kutoka barabarani. Niliona Bertilla analipigia hesabu jambo hilo na kulimaliza. Hakukaa nalo. Aliuliza treni ya kwenda Zambia inaondoka lini. Eustaki hakujua, mgambo hakujua. Mimi nilijua tu kwamba haiondoki kila siku, na nikamwambia hivyo.

Alifungua waya wa koroboi kwenye nguzo yake kwa meno. Akaifunga kwenye ncha ya kanga.

Lori la Huseni lilikuwa limekwisha kupakiwa, linanguruma nyuma ya soko. Mbele palikuwa na kiti kimoja. Nyuma mahindi yalifika juu ya mbao na wapakizi wamekaa juu yake. Huseni alisikiliza habari yote akiwa ameshika mlango. Akatazama kiti, akanitazama mimi.

"Wewe msafiri wa Zambia," aliniambia, "kiti ni chako. Sema."

Nilimwambia ampandishe mama.

Bertilla alipanda bila kusaidiwa. Alipokwisha kukaa aliinamia dirishani, na mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona hajui aanzie wapi. Hakuwahi kufika Laela. Nikamkumbusha maneno ya Kibemba. Akayasema upesi, ndefwaya umwana wandi, kama mtu anayejaribu ufunguo. Nikamweleza kuhusu nyumba za namba, kwamba aulize viongozi wa kanisa kwanza, kwamba asiogope mabasi. Hakuwa ananisikiliza.

"Zile nguzo," akasema, "zirudishwe barabarani. Kesho, si kesho kutwa. Akikosa treni atarudi, hana pa kwenda, atarudi atazame tena."

"Zitarudi."

"Na Eustaki akae ng'ambo."

"Atakaa."

"Na wewe usiondoke. Eustaki ni mzee, atalala. Akija na mimi niko huko nimemfuata, awepo mtu wa kumwambia mama yako amekwenda na koroboi yako, kaa hapo hapo ulipo." Alinitazama viatu tena, kama siku ya kwanza. "Unaweza kukaa?"

Nilisema naweza. Huseni aliingiza gia.

Nilirudi uwanjani nikikimbia, kwa sababu kutoka mbali nilikuwa nimewaona vijana wa Umoja wamerudi na kamba yao, wamekwisha kuifunga kwenye nguzo ya kwanza na kuivuta mpaka kwenye kona iliyopinda. Mzee Eustaki alikuwa amekaa chini kando ya rimu yake, ng'ambo ya makopo, miguu ameinyoosha, anawaambia kwamba hapa ni kwake, alizaliwa hapa, na anayetaka kumhamisha tena alete mvua. Vijana walikuwa wanacheka, lakini kamba waliilegeza. Nikakaa karibu naye. Upepo ulianza kuvuma kutoka upande wa barabara ya Tunduma na vyombo vyote vikaanza kugongana, na kati ya mlio ule nilisikia lori linapanda mlima wa kutokea mjini, likibadilisha gia, na ndipo nilipokumbuka kwamba mkoba wangu bado uko chini ya kiti.